Ukoo Usioganda

Uzi aliingia chumba cha matangi bila salamu. Mkoba aliutupa juu ya kiti, kiti kikayumba, mkoba ukaanguka, naye akauacha hapohapo chini ujifunze adabu. Taratibu, mchumba wake, alikuwa ameinamia mashine ya kuvutia nyuzi, na aliposikia kishindo hakugeuka. Mwanamume anayejua kosa lake ana mgongo wake maalumu, na huo ndio aliokuwa ameuvaa asubuhi ile.

"Habari za asubuhi," alisema, akiiambia mashine.

"Kamuulize shangazi yako."

Jina la Uzi alipewa na bibi yake kwa sababu ya wembamba wake. Jina likamngojea mpaka akakua, akasoma, akapata kazi ya kupima nyuzi za kome, na wote waliomjua ukubwani wakadhani limetoka kazini. Taratibu yeye hakuhitaji maelezo. Ukimuuliza jambo leo, jibu utalikuta keshokutwa limekaa sebuleni.

Kazi yao ilikuwa moja. Kome hana mikono wala kucha. Kajifungia ndani ya magamba yake mawili kama mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba, lakini wimbi linampiga mchana na usiku na habanduki kwenye jiwe. Kinachomshika ni nyuzi. Hutoa kiungo chake kama ulimi, akakigandamiza juu ya jiwe, akamimina ute ndani ya mfereji wa ulimi ule, ute ukakaza, uzi tayari. Karibu na mwili uzi una mikunjo na unavutika kama mpira wa kiunoni mwa sketi. Mbele umenyooka na ni mgumu. Mwishoni kuna kitako kidogo, bapa, kilichonata kwenye jiwe. Wawili hawa walikuwa wakilinganisha kome wa aina tatu walio ndugu: kome mweusi wa mwambani, kome wa kijani, na kome wa matopeni, mdogo, wa kahawia, asiye na sura ya kupigiwa picha. Nani kati yao anaganda zaidi, na kwa nini.

Kuganda. Neno hilo ndilo lililoleta balaa.

Katika chumba hichohicho, kati ya tangi la kona na ukuta, Taratibu alikuwa amewahi kumshika Uzi mkono uliolowa maji ya chumvi. Akanyamaza kimya cha kutosha kuchemsha chai. Kisha akasema, "Niache nigande." Basi. Wanaume wengine huleta mashairi. Uzi aliyeyuka palepale, na tangu siku hiyo neno likawa lao, la kuagania kituoni na la kulalia kwenye simu. Umeganda? Nimeganda.

Na jana yake mchana, mezani kwa Shangazi, mbele ya wajomba na binamu, Shangazi wa Taratibu alifuta midomo kwa kitambaa, akamtazama Uzi kuanzia nywele mpaka viatu, akasema kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi: "Mama yake kaachika. Dada yake kaachika. Ukoo huo, mwanangu, hawagandi."

Watu walicheka. Taratibu alikuwa na tonge mdomoni. Alilitafuna.

"Uzi," alisema sasa, bado na ule mgongo. "Tuzungumze jioni."

"Jioni nina shughuli. Nitakuwa nakuchukia."

"Shangazi ni mtu mzima. Ndivyo alivyo. Ukimjibu utakuwa unajibu ukuta."

"Nani kamtaja Shangazi? Nakuuliza wewe. Lile neno kalipata wapi?"

"Neno gani?"

"Usinifanye mtoto mdogo, Taratibu. Shangazi yako hajawahi kumwona kome hata kwenye kalenda. 'Hawagandi' kaliokota wapi?"

Taratibu aligeuka hatimaye. Alikuwa na macho mazuri, na hilo lilimuudhi Uzi kuliko yote. Macho mazuri kwa mtu uliyemkasirikia ni kama harufu ya chakula kwa aliyefunga.

"Nilimweleza kazi yetu," alisema.

"Kazi gani? Ya hapa mezani, au ile ya pale ukutani?"

Mashine za hewa zilibubujika ndani ya matangi.

"Aliniuliza kwa nini wewe," Taratibu alisema. "Kwa nini si mwingine. Nikamwambia nilivyokuambia siku ile. Nilimwambia kwa furaha, Uzi."

"Ulimpa kwa furaha. Akanipiga nalo kwa furaha. Ukatafuna kwa furaha. Sherehe yote hiyo, mimi peke yangu ndiye niliyekosa kiti!"

Taratibu alifanya kile anachofanya siku zote maneno yakimzidi. Alikimbilia kazini.

"Majibu ya wa matopeni yametoka," alisema, akielekeza kidole kwenye kompyuta. "Si mazuri. Hawavutiki hata kidogo. Ukivuta tu, pa! Nimemwambia Mkuu wa maabara tuwaondoe kwenye ulinganisho, tubaki na ndugu zao wawili."

Kome wa matopeni walikuwa wa Uzi. Yeye ndiye aliyewafuata kwenye tope la magotini huku Taratibu amesimama pakavu kashika ndoo na viatu vya watu. Tangu mwanzo alikuwa akisema: huyu mdogo uzi wake mmoja mmoja ni mwembamba, ndiyo, lakini anazo nyingi kuliko kaka zake, na tusimdharau mpaka tumpime vizuri.

Alisogea kwenye trei ya nyuzi zao. Akaugusa uzi mmoja kwa ukucha. Ukalia kama ufagio wa zamani.

"Taratibu. Maji ya trei hii yako wapi?"

"Si yamo humo?"

"Njoo utie kidole."

Alikuja, akatia kidole. Kidole kilitoka kikavu, kina vumbi jeupe la chumvi. Juu yao feni ilikuwa inazunguka, haina habari.

Katika chumba kile, kosa hilo hata mfagiaji alilijua. Uzi wa kome hupimwa ukiwa umelowa maji ya bahari, maana huko ndiko unakoishi. Ukiuacha ukakauka unakakamaa, unaonekana umesimama vizuri kama askari, lakini hauvutiki tena. Unakatika kama kijiti cha kiberiti, na kosa si lake.

"Mweusi ulimpima vipi?" aliuliza Uzi.

"Kwa maji."

"Wa kijani?"

"Kwa maji."

"Na wa kwangu?"

Taratibu alijipangusa kidole kwenye koti.

"Ndugu wawili umewapima wakiwa kwao majini. Wa tatu umempima jangwani, halafu umekwenda kumwambia Mkuu kwamba ukoo wake dhaifu. Huyu naye kaachika, siyo?"

"Uzi, hili ni kosa la kazi tu. Nilikuwa kwenye simu, nikasahau."

"Simu ya nani?"

Hapo palikuwa mahali pazuri pa kusema uongo, na mwanamume mwenye akili angeusema. Taratibu alikuwa na sifa moja iliyomponza maisha yake yote: alikuwa mzito wa kusema, na uongo unataka mtu mwepesi.

"Ya Shangazi," alisema. "Anaona tusubiri."

"Tusubiri nini?"

"Mwaka mmoja. Kabla ya ndoa. Anataka aone kama... kama utakaa."

"Nikae? Mimi rangi ya ukutani, aone kama itakaa?" Sauti ya Uzi ilikuwa imeshuka, na waliomjua walijua kwamba sauti yake ikishuka ni wakati wa kuokota watoto na kuingia ndani. "Na wewe ukamjibuje?"

Kama Taratibu angepata mwaka mzima wa kumjibu, angeuchukua.

"Nilisema sawa."

Uzi hakupiga kelele. Alishika pete iliyo kidoleni mwake akaivuta. Pete haikuja. Akaizungusha, akaivuta tena, akauma meno. Mwezi mzima mikono yake ilikuwa ndani ya maji ya chumvi na vidole vimemvimba, na pete ile, iliyomlegea siku ya kwanza mpaka akaifunga uzi kwa ndani, leo ilikuwa imekaa kama imezaliwa naye.

"Uzi, utajiumiza."

"Nyamaza! Ulikuwa na jana nzima ya kusema!"

Alikuwa anavuta hivyo, mguu mmoja ameukanyagisha kwenye meza, mlango ulipofunguka.

"Hodi humu! Jamani, harufu gani hii? Mnafanya kazi au mnaoza?"

Alikuwa Shangazi. Gauni limepigwa pasi mpaka linakata, bangili zinalia, na mkononi ameshika mwavuli wa Uzi, ule mwekundu aliousahau jana alipoinuka mezani akaondoka bila kuaga. Nyuma yake, kwenye kidirisha cha mlango, mbingu ilikuwa imeanza kununa nayo.

"Shikamoo, Shangazi," alisema Uzi. Hasira ni hasira, lakini shikamoo ni shikamoo. Aliitoa kama mtu anayeng'olewa jino.

"Marahaba. Nimekuletea mwavuli wako. Nimesema niulete mwenyewe, watu wasije wakasema tumemfukuza mtu mpaka kaacha vitu." Akatazama. "Na hicho kidole kimefanyaje?"

"Natoa pete."

"Aaa." Shangazi aliuweka mwavuli mezani na mkoba wake pembeni, akakunja mikono ya gauni kwa wepesi ambao hakuna aliyewahi kuuona siku ya kuosha vyombo. "Sabuni mnaweka wapi?"

"Shangazi!" alisema Taratibu.

"Nini? Si anataka kusaidiwa?"

Uzi alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha puani. "Ahsante, Shangazi. Lakini kabla hujanisaidia mimi, nisaidie jambo moja dogo. Maana umeshakunja mikono." Alimshika kiwiko akamsogeza mpaka kwenye tangi la chini, ambamo kome mmoja wa kahawia alikuwa ameng'ang'ania jiwe, peke yake, mdogo kama kokwa la tende. "Huyu ndiye yule asiyeganda. Mwanao kamwandikia hukumu leo asubuhi. Mbandue."

"Mimi? Kiumbe hiki?"

"Kidogo tu. Ukoo wake hawagandi."

Shangazi hakuwa mtu wa kushindwa mbele ya mkwe. Alitia mkono majini, akamshika kome kwa vidole viwili kama anayechambua mchele, akavuta. Kome hakusikia. Akamshika kwa vidole vyote. Akatia na mkono wa pili. Maji yalimrukia kifuani, gauni likalowa mpaka kwapani, bangili zikagonga kioo, na kilemba kikahama kichwani kikakaa juu ya sikio kusikiliza.

"Mmemtia gundi!"

"Gundi ni yake, Shangazi. Vuta."

"Usiniambie vuta! Naona navuta!"

Akavuta kwa hasira zote alizokuja nazo na za akiba. Kukatoka mlio mdogo, tak, na Shangazi akarudi nyuma hatua mbili, kome mkononi, uso umeng'aa ushindi.

"Huyo! Si kabanduka?"

"Mgeuze," alisema Uzi. "Tazama chini yake."

Chini ya kome nyuzi zilikuwa zinaning'inia kama ndevu, za dhahabu iliyokolea, na mwisho wa nyuzi hizo, zote pamoja, kilikuwa kimening'inia kipande cha jiwe.

"Kuna uzi uliokatika hapo? Tafuta hata mmoja."

Shangazi alitafuta. Alikuwa mkaidi lakini macho yake yalikuwa mazima.

"Jiwe ndilo limemeguka," alisema mwishowe, kana kwamba analaumu jiwe.

"Basi huyo ndiye mama yangu."

Hata Taratibu alivuta pumzi. Uzi alimchukua kome mkononi mwa Shangazi, akamrudisha majini polepole.

"Mama yangu alishika mpaka jiwe likamegukia mikononi mwake. Mjini kote wanajua, na wewe unajua, na jana ukamweka mezani pamoja na saladi."

"Usinifundishe kwa wadudu!"

"Nani alianza na wadudu?"

"Na dada yako je? Naye alipata jiwe bovu? Jiwe la dada yako nalijua mimi, ni mtu wa watu!"

"Dada yangu alijiachia mwenyewe. Kome akiona mahali hapamfai, huziacha nyuzi zake zote kuanzia shinani, akajikokota kwa ulimi wake, akaenda kushika kwingine. Na huko anatengeneza nyuzi mpya. Sijaona mwamba umekwenda kumshitaki."

"Sisi tulikaa!" Shangazi alipiga meza, trei zikaruka. "Mnatucheka, lakini tulikaa! Mimi nimekaa na mume asiyenisemesha tangu huyu hajaota meno. Chakula naweka, anakula, anainuka. Nimekaa! Nani kaniambia hata ahsante?"

Maji yalidondoka kutoka kwenye gauni lake, tone kwa tone, sakafuni. Huruma ilimpanda Uzi, naye akaimeza. Ilikuwa imekuja mapema mno, na hasira yake bado ilikuwa na kazi.

Alikwenda kwenye sinki. Akajipaka sabuni mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu, akazungusha, akavuta, na pete ikateleza ikatoka, ikaacha kidoleni mfereji mweupe kama wa mguu uliovuliwa soksi. Akaiweka kwenye trei ile kavu, katikati ya nyuzi zilizokakamaa.

"Mwaka wenu huo nawarudishia wote," alimwambia Taratibu. "Sitaki hata Jumatatu yake. Mimi sipimwi mkavu."

"Umesikia mwenyewe," alisema Shangazi, akitengeneza kilemba. Alimshika mpwa wake kifundo cha mkono, kama alivyomshika akimvusha barabara akiwa mdogo. "Twende, mwanangu."

Taratibu aliitazama pete. Kisha akautazama mkono ulioshika mkono wake. Uzi aligeukia ukuta, asione, maana alijua jinsi viatu vya Taratibu vinavyofuata vikiitwa.

"Shangazi," alisema Taratibu, "tangulia."

"Nini?"

"Tangulia. Mimi sitoki."

"Unabaki kufanya nini kwa mtu aliyekuvulia pete mbele yangu?"

Kikaja kile kimya chake. Lakini safari hii ndani ya kimya kulikuwa na kitu kinasukumana, kama mtu anayetoa kabati mlangoni.

"Kwenye simu nilisema sawa, na haikuwa sawa. Na jana mezani..." Alimeza mate. "Jana nilikuwa na tonge mdomoni, lakini lilikuwa dogo. Ningeweza kusema."

Uzi aling'ang'ania ukingo wa sinki.

"Na lile neno, Shangazi, nilikupa na halikuwa langu peke yangu. Nalitaka."

"Neno linarudishwaje, wewe mtoto? Kwenye bahasha?"

"Kwa kutolisema tena. Si mezani, si kwa majirani. Na mama yake usimtaje mpaka uwe umekwenda kwake ukaingia kwa miguu yako."

Shangazi alimtazama mpwa wake kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kabati limesema. Kisha akauachia ule mkono, akakusanya heshima yake iliyolowa, akakusanya mkoba, na kwa hasira akakusanya na mwavuli, akatoka. Bangili zake zilisikika ukumbini mpaka mwisho wa ngazi.

"Usidhani umemaliza," alisema Uzi bila kugeuka.

"Sijadhani."

"Muda wote huu nakungoja useme, unakuja kusema nikishavua pete. Ungeanza jana ungeokoa sabuni."

"Najua."

"Usiseme najua! Ukisema najua natamani kukutupia trei."

"Nitakwenda kwa mama yako," alisema Taratibu. "Leo, tukitoka. Na dada yako awepo."

"Ukawaambie nini?"

"Nilichokisikia nikakitafuna."

Uzi aligeuka sasa. Alimtazama, na yale macho yalikuwa bado mazuri, yamelowa kidogo, na jambo hilo halikumsaidia hata chembe. Aliokota mkoba wake sakafuni, akaupangusa, akautundika begani, akaenda mpaka mlangoni. Akatia mguu mmoja nje.

"Na kwa Mkuu?" aliuliza.

"Nitamwambia nilipima nyuzi kavu. Kwamba wa matopeni hawajapimwa bado." Alitazama meza, mashine, trei, pete. "Uzi. Nianzie wapi?"

"Unaniuliza mimi?"

"Wewe ndiye unayejua."

"Anzia na maji, bwana!"

Alichukua jagi la maji ya bahari akayamimina kwenye trei, polepole, kama anayemnywesha mgonjwa. Maji yakazifunika nyuzi, yakaifunika na pete. Kwa muda hapakutokea kitu. Kisha uzi mmoja ukaanza kulegea, ukajikunja kidogo upande wake wa mpira, na wa pili ukaufuata.

Nje mvua ilianza. Uzi alinyoosha mkono kwenye meza ya karibu na mlango, pale Shangazi alipouweka mwavuli, mkono ukapapasa mbao tupu, akatambua mwavuli unaelekea wapi, na juu ya kichwa cha nani.

Alisonya. Akaurudisha ndani ule mguu uliokuwa nje.

"Usidhani nimebaki," alisema. "Nangoja mvua ikatike."

"Ndiyo," alisema Taratibu, bila kuinua macho kutoka kwenye trei.

Na mvua yenyewe yalikuwa manyunyu tu.